Jinsi ya kufuatilia mabadiliko ya hewa ya juu kwenye ncha za dunia ukiwa Arusha au Moshi

Mpagazi akifika Uhuru, mita 5,895, anahema kwa sababu kanieneo ya hewa pale juu ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari. Gesi zenyewe lakini ziko vilevile. Katika kila molekuli 100 anazovuta, kama 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni, sawasawa na hewa ya stendi ya Moshi alikopandia gari. Hewa imepungua, mchanganyiko wake haujabadilika. Hali huendelea hivyo hadi kilomita 100 hivi kutoka ardhini. Kuanzia hapo kupungua na kubadilika huenda pamoja, na anayeshindwa kuvitenganisha atachora grafu nzuri yenye jibu la uongo. Mwongozo huu umeandikwa kwa walimu wa fizikia, wanafunzi wa kidato cha sita na wanachuo wanaotaka kufanya kazi hii kwa kompyuta ya kawaida na bando la kawaida.

Anayejua mbege ameshalielewa jambo lenyewe nusu. Mbege ikiwa inakorogwa, kila kata utakayochota ina ulezi na majimaji kwa kipimo kilekile. Iache itulie, mashapo yanashuka na majimaji yanabaki juu. Chini ya kilomita 100 hadi 110 angahewa inakorogwa muda wote na misukosuko ya hewa. Juu ya hapo mkorogo unakoma, na kila gesi inajipanga kwa uzito wake: molekuli za naitrojeni (N2, uzito 28) zinabaki chini, atomi za oksijeni (O, uzito 16) zinapanda zaidi, heliamu (He, uzito 4) inakwenda juu kabisa. Atomi hizo za oksijeni hupatikana pale mwanga mkali wa jua unapoipasua O2.

Ncha za dunia ndiko mwiko unakoingizwa tena chunguni. Wakati wa dhoruba ya sumaku, yaani uga wa sumaku wa dunia unapotikiswa na jua, nishati ya upepo wa jua (chembe zenye chaji zinazotoka kwenye jua) huingia kupitia maeneo ya aurora, ile mianga ya ncha za dunia, na mikondo ya umeme inachemsha hewa ya kilomita 110 hadi 150. Hewa hiyo inapanda na kubeba naitrojeni nyingi hadi kwenye kimo ambacho kawaida kina oksijeni ya atomi kwa wingi. Hivyo kipimo kikuu cha kazi hii ni uwiano wa O kwa N2. Ukishika huo, umeshika shina.

Dhoruba isipokuwepo bado kuna majira. Upande wenye kiangazi hewa ya juu hupanda, huvuma kuelekea ncha yenye majira ya baridi, kisha hushuka huko. Kwa sababu hiyo ncha yenye baridi hujaa O na heliamu, na ncha yenye kiangazi huwa na N2 kwa wingi zaidi. Wingi wa heliamu upande wa baridi uligunduliwa miaka ya 1960 kwa kuangalia jinsi setilaiti zilivyokuwa zikipunguzwa mwendo na hewa. Linganisha Juni na Desemba bila kukumbuka hili, utaita majira dhoruba.

Vitu vya kuandaa

Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 inatosha. Weka Python toleo la 3.10 au jipya zaidi, kisha andika `pip install numpy pymsis`. Kupakua programu hizi mbili hakumalizi hata MB 100 za bando. Programu ya pymsis inaendesha modeli ya NRLMSIS, iliyojengwa kutokana na vipimo vya miongo mingi vya roketi, rada na setilaiti. Unaipa tarehe, mahali, kimo, hali ya jua na hali ya sumaku, nayo inakupa wingi wa kila gesi pamoja na halijoto.

Kama unafundishia darasa lisilo na intaneti, jihadhari na jambo moja. Usipoipa pymsis namba za jua na sumaku, itajaribu kuzipakua yenyewe, na bila mtandao itagoma. Dawa yake ni kuziandika mwenyewe, kama tunavyofanya hapa chini. Njia hiyo ina faida nyingine kubwa: unashika jua lisibadilike, unabadilisha sumaku peke yake, na tofauti utakayoiona ni ya sumaku tu.

Namba ya jua inaitwa F10.7, nguvu ya mawimbi ya redio ya jua yenye urefu wa sentimita 10.7, inayopimwa kila siku huko Penticton, Kanada. Jua likilala huwa karibu 70, likichachamaa hupita 200. Modeli inataka mbili: ya siku iliyotangulia, na wastani wa siku 81 wenye siku yako katikati.

Namba ya sumaku ni Kp, inayotolewa na kituo cha GFZ cha Potsdam, Ujerumani, kila baada ya saa 3, kuanzia 0 hadi 9. Modeli haiitaki Kp yenyewe. Inataka ap, ndugu yake anayepanda kwa ngazi zisizo sawa: Kp 1 ni ap 4, Kp 2 ni 7, 3 ni 15, 4 ni 27, 5 ni 48, 6 ni 80, 7 ni 132, 8 ni 207 na 9 ni 400. Kosa la kuandika Kp mahali pa ap ni la kila siku, na halileti onyo lolote. Unaandika 8 ukimaanisha dhoruba kali, modeli inasoma siku tulivu, nawe unahitimisha kwamba dhoruba haina athari.

Saa ya Kiswahili na saa ya data

Data zote hizi huandikwa kwa saa za UTC, na Tanzania iko saa 3 mbele yake. Sisi tena tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo mkanganyiko ni mara mbili. Kuna njia fupi: chukua saa ya Kiswahili, ongeza 3, umepata UTC kwa mzunguko wa saa 12. Saa 4 asubuhi ni saa 07:00 UTC. Saa 3 usiku ni 6 ya jioni, yaani 18:00 UTC. Saa 9 usiku inakuwa 12, yaani 00:00 UTC, na hapo ndipo tarehe ya data inabadilika. Kwa hiyo kinachotokea Arusha saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, kwenye faili kimeandikwa Ijumaa saa 23:00. Andika UTC kwenye daftari tangu mwanzo. Kubadilisha baadaye ndiko kunakoleta grafu zilizohama saa 3.

Hesabu ya mkono kwanza

Usiiwashe modeli kabla ya hesabu hii, maana ndiyo itakayokuonyesha mtego. Kila gesi ya juu ina kimo chake cha kupungua: umbali unaopanda hadi gesi ibaki asilimia 37 ya ilivyokuwa. Kimo hicho ni kT/mg, ambapo k ni 1.38 × 10⁻²³, T ni joto kwa kelvini, m ni uzito wa chembe moja (namba ya uzito mara 1.66 × 10⁻²⁷ kg), na g ni mvuto. Kwenye kilomita 400 g imeshuka hadi 8.7.

Kwa joto la kelvini 1,000, O inapata kilomita 59.7, N2 kilomita 34.1, heliamu kama 239. Joto likipanda hadi kelvini 1,300, O inakuwa 77.6 na N2 44.4.

Sasa chukulia hewa imepashwa moto tu, hakuna aliyekoroga chochote. Anzia kilomita 150 ukiwa na kiasi kilekile cha kila gesi, panda kilomita 150 hadi 300, tumia vimo hivyo bila kusumbuka na mabadiliko madogo ya g. N2 kwenye kilomita 300 itaongezeka mara 2.8 hivi. O itaongezeka mara 1.8 hivi. Uwiano wa O kwa N2 umeshuka kwa zaidi ya theluthi, na mchanganyiko wa hewa haujaguswa! Kilichotokea ni kwamba hewa imevimba kwa joto, na ile hewa ya chini yenye N2 nyingi imenyanyuliwa hadi kwenye kimo unachokitazama.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kulinganisha uwiano kwenye kimo kimoja, tuseme kilomita 300, siku tulivu na siku ya dhoruba, kunachanganya uvimbe na mkorogo. Inabidi ulinganishe mahali penye hewa ileile juu yake, hata kama kimo chake kimehama.

Njia inayotumika na wanasayansi wa setilaiti ni ya nguzo. Fikiria nguzo ya hewa yenye eneo la mita 1 ya mraba, kutoka juu kabisa ukiteremka. Unahesabu molekuli za N2 huku unashuka, na zikifika 10²¹ unasimama. Hesabu atomi za O zilizoko kwenye nguzo hiyohiyo, gawanya kwa N2. Kimo cha kusimama huwa kwenye kilomita 140 hivi. Kupashwa joto peke yake kunanyanyua kimo hicho, lakini uwiano unabaki karibu palepale. Ukiona uwiano wa nguzo umeshuka, basi kweli hewa imekorogwa.

Kuendesha modeli

Andika hivi kama ilivyo:

```
import numpy as np
import pymsis

h = np.arange(100, 600.1, 0.1)
siku = np.datetime64("2024-05-11T03:00")

def uwiano(ap7):
    m = pymsis.calculate([siku], [20], [70], h,
                         [200], [180], [ap7],
                         geomagnetic_activity=-1)
    m = np.squeeze(m)
    n2 = np.cumsum(m[::-1, 1]) * 100
    o = np.cumsum(m[::-1, 3]) * 100
    i = np.argmax(n2 >= 1e21)
    return h[::-1][i], o[i] / n2[i]

print(uwiano([4] * 7))
print(uwiano([150, 207, 207, 132, 80, 48, 15]))
```

Mstari wa kwanza wa majibu ni siku tulivu, wa pili ni dhoruba ya kubuni. Kila jibu lina namba mbili: kimo cha kusimama kwa kilomita, na uwiano. Longitudo inatangulia latitudo. Hapo ni 20 mashariki na 70 kaskazini, jirani na Tromsø, Norwei. Ukizigeuza utakuwa kwenye latitudo 20 na longitudo 70, Bahari ya Arabu jirani na India, na modeli haitakuuliza unafanya nini huko.

Namba 7 za ap zina mpangilio wake: wastani wa siku nzima, ap ya saa 3 za sasa, ya saa 3 zilizopita, ya saa 6 zilizopita, ya saa 9 zilizopita, wastani wa kuanzia saa 12 hadi 33 nyuma, na wastani wa kuanzia saa 36 hadi 57 nyuma. Ukitaka dhoruba halisi ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, ambayo Kp ilifika 9, chukua jedwali la Potsdam ujaze mwenyewe. Ile sehemu ya `geomagnetic_activity=-1` usiisahau. Bila hiyo modeli inasoma namba ya kwanza tu, wastani wa siku, na zile 6 nyingine zinapuuzwa kimyakimya. Dhoruba iliyodumu saa 6 inayeyukia ndani ya wastani.

Namba 100 iliyozidishwa ni hatua ya kilomita 0.1 kwa mita. Ukibadilisha hatua ya `h`, badilisha na hiyo. Tumechagua hatua ndogo kwa makusudi: kwenye kilomita 140 wingi wa N2 hubadilika haraka, na hatua ya kilomita 1 inaweza kukupitisha mahali pa kusimama kwa asilimia kadhaa, kosa linalotosha kumeza dhoruba ndogo.

Majibu ya kushtukia ni haya. Kimo kikitoka 600 kamili, maana yake N2 haikufika 10²¹ na kompyuta imekurudishia nafasi ya kwanza kwenye orodha. Mara nyingi chanzo ni vipimo: pymsis hutoa chembe kwa mita ya ujazo, lakini majedwali mengine ya NRLMSISE-00, modeli kongwe ya ukoo huu, hutoa kwa sentimita ya ujazo, tofauti ya mara milioni moja. Kama umbo la jibu halieleweki, hesabu urefu wa orodha zako: tarehe, longitudo, latitudo na vimo vikiwa na idadi sawa, pymsis inadhani unafuata njia ya setilaiti, haitengenezi gridi. Na usichanganye matoleo ya modeli kwenye grafu moja, maana yanatofautiana hata siku isiyo na dhoruba.

Ukimaliza hapo, rudia kwa latitudo -70, kisha kwa Juni 21 na Desemba 21 ukiwa na ap 4 pekee. Safu namba 4 ya matokeo, ukihesabu kuanzia 0 kama Python, ni heliamu. Itazame kwenye kilomita 500 pande zote mbili. Upande wa baridi utazidi kwa tofauti inayoonekana bila kutafutwa.

Kuhakikisha kwa setilaiti

Modeli ni wastani wa yaliyowahi kupimwa. Inalainisha kila kitu. Ulimi wa hewa yenye N2 nyingi unaotambaa kutoka ncha kwenda chini upande mmoja wa dunia, modeli itaupaka kama ukungu sawa. Kwa hiyo hakikisha kwa vipimo.

Setilaiti ya TIMED, iliyorushwa Desemba 7, 2001, inazunguka kwenye kilomita 625 hivi ikiwa na vyombo viwili vya kukuhusu. GUVI hutazama mng'ao wa urujuanimno: wa O kwenye nanomita 135.6, na wa N2 kwenye mistari iliyo jirani. Kutokana na hiyo miwili hupatikana ramani za uwiano wa nguzo, uleule ulioukokotoa. SABER nacho hupima joto la mesosfia (tabaka la kilomita 50 hadi 85 hivi) na themosfia (tabaka lililo juu yake) ya chini, ozoni, na mionzi ya infraredi ya dioksidi kaboni na ya naitriki oksaidi (NO).

Kabla ya kuamini ramani ya GUVI, futa sehemu tatu. Kwanza, upande wenye giza, kwa sababu mng'ao unahitaji jua. Ncha yenye majira ya baridi itakuwa tundu, na tundu hilo si ukosefu wa oksijeni. Pili, ndani ya duara la aurora, maana chembe zinazomiminika pale huwasha mng'ao uleule kwa njia nyingine, na uwiano unaotoka humo hauna maana. Tatu, juu ya Atlantiki ya kusini, ambapo uga dhaifu wa sumaku unaruhusu mionzi kukisumbua chombo. Na kumbuka duara la aurora linazunguka ncha ya sumaku. Ncha ya sumaku ya kaskazini, kwa hesabu ya dunia kama sumaku ya mche, iko karibu latitudo 80.7 na longitudo 72.7 magharibi. Ukikata ramani kwa latitudo za kawaida utaondoa sehemu nzuri upande wa Siberia na kuacha mbovu upande wa Kanada.

TIMED pia inahama saa: kila siku inapita mahali palepale kama dakika 12 mapema. Baada ya siku 30 umehama saa 6 za mahali hapo. Linganisha siku zilizo karibu, si zaidi ya wiki moja. SABER nacho hugeuzwa kila baada ya siku 60 hivi. Ikitazama kaskazini inafika latitudo 83 huku kusini ikiishia kama 52, kisha inageuka. Mistari inayokatika kila miezi miwili kwenye grafu yako ya ncha ndiyo hiyo. Iache wazi, usiunganishe kwa rula.

Faida ya kupima NO utaiona siku ya pili na ya tatu baada ya dhoruba. Gesi hii huzaliwa kwa wingi dhoruba ikipiga, na inatoa joto kwenda nje kwenye mikromita 5.3. Inaipoza themosfia haraka, wakati mwingine hadi chini ya ilivyokuwa kabla. Ukichukua "siku tulivu" yako baada ya dhoruba, unalinganisha na hewa iliyopoa kupita kiasi. Chukua siku ya kabla.

Usiku wa ncha una vimo

Hili linastahili hesabu yake, kwa kuwa vitabu vingi huishia kusema ncha ina giza miezi kadhaa. Giza la wapi? Kwenye kimo h, jua linaendelea kuonekana hadi liwe chini ya upeo kwa pembe ambayo kosaini yake ni 6371 ÷ (6371 + h). Kwa kilomita 85 pembe ni nyuzi 9.3. Kwa kilomita 300 ni nyuzi 17.

Desemba 21, latitudo 80 kaskazini, saa sita mchana ya huko: jua liko nyuzi 13.4 chini ya upeo. Ardhini ni giza. Kilomita 85 ni giza. Kilomita 300 kuna jua. Mahali pamoja, dakika moja, na kemia mbili tofauti.

Chini kwenye mesosfia NO haina jua la kuivunja, kwa hiyo inaishi wiki nyingi. Hewa ya ncha wakati wa baridi inashuka, nayo NO inashuka pamoja hadi stratosfia, tabaka lililo chini ya mesosfia, ambako inakula ozoni. Hivyo ndivyo dhoruba za Oktoba na Novemba 2003 zilivyofuatiwa na NO nyingi isiyo ya kawaida juu ya Aktiki mwanzoni mwa 2004, ingawa hali ya upepo wa majira hayo nayo ilichangia sana. (Tundu la ozoni la Antaktika, lililotangazwa mwaka 1985 kutokana na vipimo vya kituo cha Halley, ni habari nyingine: linatokana na klorini na bromini kwenye stratosfia. Usiliingize hapa.)

Kwa kufuatilia mshuko huo, gesi nyepesi kuisoma ni monoksidi kaboni. Inatengenezwa juu jua linapoivunja dioksidi kaboni, na gizani haiharibiki kirahisi, kwa hiyo wingi wake ni alama kwamba hewa imetoka juu. Chombo cha MLS kwenye setilaiti ya Aura, iliyorushwa Julai 2004, kinafika latitudo 82 pande zote, mchana na usiku. Fungua akaunti ya bure ya Earthdata ya NASA, pakua siku unazozihitaji, kisha chuja kabla ya kuchora: chukua tu vipimo vyenye namba ya hali iliyo shufwa, ubora ulio juu ya kikomo na mkutano wa hesabu (Convergence) ulio chini ya kikomo, kama mwongozo wa toleo lako unavyotaja, na usahihi usio na alama ya hasi. Usipochuja utapata monoksidi kaboni hasi na utakosa usingizi bure. Chora kimo upande wa kusimama, siku upande wa kulala, wastani wa latitudo 70 hadi 82. Mshuko utaonekana kama mkanda ulioinamia kulia. Kaskazini mkanda hukatwa stratosfia inapopashwa joto ghafla, kama Januari 2009 na Januari 2013, kisha hewa hushuka upya kwa nguvu zaidi. Kusini huwa umetulia zaidi.

Kuunganisha na anga letu

Wapima ardhi na warusha droni wa Arusha huuliza kama vipimo vyao vya GPS vimeharibiwa na dhoruba ya ncha. Jibu linategemea saa ngapi zimepita. Uga wa umeme wa dhoruba hufika ikweta ndani ya dakika. Hewa iliyokorogwa ncha husafiri kwa upepo, hasa upande wenye usiku, na huchukua saa nyingi. Mara nyingi huishia latitudo za kati. Kwetu kinachoweza kutokea ni kinyume: hewa iliyosukumwa kutoka ncha inashuka latitudo za chini, na uwiano wa O kwa N2 unapanda badala ya kushuka. O nyingi humaanisha elektroni nyingi kwenye ionosfia, sehemu ya hewa ya juu yenye elektroni huru, na mawimbi ya GPS yanacheleweshwa zaidi. Kwa hiyo tatizo lililotokea saa ya kwanza ya dhoruba usilihusishe na mchanganyiko wa gesi.

Na likitokea kati ya saa 2 na saa 6 usiku, mwezi Machi au Septemba, bila dhoruba yoyote, ni mapovu ya ionosfia ya ikweta. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, sisi tuko kusini yake, na mapovu hayo ni ya kwetu wenyewe.

Ukitaka kulithibitisha hilo kwa namba, pakua faili za kituo cha GPS cha Malindi, chenye alama MAL2, na cha Mbarara, Uganda, alama MBAR. Chora idadi ya elektroni juu yao siku mbili kabla ya dhoruba na siku mbili baada, kwa UTC, kisha weka grafu ya uwiano wa nguzo chini yake kwa mizani ileile ya saa. Badiliko la elektroni likitangulia badiliko la uwiano kwa saa nzima au zaidi, chanzo chake ni umeme. Likifuata nyuma na kudumu siku nzima, tafuta kwenye ramani ya GUVI kama uwiano umepanda juu ya Afrika Mashariki siku hiyo, upande wenye mchana.